Mruhusu Dina Akubishie

Kilombero, 9 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Leo natimiza miezi saba tangu niondoke Ilongero. Mgongo unauma kwa kukata miwa, lakini jana nilirukaruka shambani hadi wenzangu wakadhani nimekanyaga nyoka. Dina alikuwa amenipigia simu: chuo cha sheria cha Uingereza kimempa nafasi!

Limebaki jambo moja tu. Kwenye ule mtihani wao wa Kiingereza, kusoma na kuandika amefaulu vizuri. Kuongea ndiko kulikomwangusha.

"Kaka, mtahini alikuwa mzee mwenye mvi," akaniambia. "Nikainamisha macho, nikajibu kwa kifupi, nikanyamaza. Yeye anangoja niendelee, mimi nangoja aniruhusu!"

Nilicheka sana. Ndivyo ulivyotulea, mbele ya mkubwa hatuongezi neno.

Anarudia mtihani tarehe 12 Julai. Asipofikisha alama, nafasi anapewa mwingine. Kwa hiyo baba, nakuomba jambo gumu: mruhusu akubishie. Jioni mkipura alizeti, mwulize habari yoyote, kisha mpinge, naye akujibu kwa Kiingereza huku akikutazama usoni. Hutaelewa, hata mimi nisingeelewa. Wewe kataa tu! Akikuzoea wewe, hakuna mzee mwingine atakayemtisha.

Nimeshaomba ruhusa kwa msimamizi. Jumamosi ya tarehe 5 Julai nitashuka Singida, nipande bodaboda hadi nyumbani, na nataka niwasikie mkigombana tangu barabarani.

Mwanao,
Melkiori