Kiroboto cha Muzungu

Jumatatu, 5/8/2002

Nimemuona! Mbwa yangu, anaitwa Watasema. Iko hai, iko munene kuliko mimi — na wamemufunga kamba kwa bariyeri ya askari, barabara ya Nyanza-Lac, kama mbuzi ya arusi!

Wiki tatu namutafuta. Tangu ile asubuhi risasi zilipotoka kule milimani, sisi wote mbio mpaka ziwani, muke wangu mama Elda na sufuria kichwani, mimi na kiatu kimoja. Tulijificha Magara siku ine. Kurudi — nyumba iko, mbwa hakuna. Nimeita mpaka sauti imekatika. Watu wanacheka tu. Mimi muzee Bahizire napita naita "Watasema! Watasema!" na wao wanajibu: tumeshasema!

Hilo jina nilimupa kwa ajili ya Hadji, fundi cherehani, jirani yangu. Siku aliyoona mbwa kwangu alisema malaika hawataingia tena nyumba hii. Nikamwambia: Hadji, hata kabla ya mbwa hawakuwa wanakuja. Alininunia miezi miwili. Miezi mizuri, ya utulivu.

Basi leo mbwa ameniona, amelia, mukia unapiga vumbi. Kaporali moja, kijana, jina lake Espoir — tumaini ya nani, sijui — ananiambia muzee, pita. Nikasema ile ni mbwa yangu. Hapana, ile ni Komando, mbwa ya jeshi. Tangu lini? Tangu alipokuja mwenyewe kuomba kazi! Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha kofia. Nikasema: haya, muite Komando, tuone kama atageuka.

Akaita. Na mbwa akageuka! Musaliti! Kwa sababu ya mufupa ya nyama ya brosheti! Miaka mitano namulisha ndagala kwa mukono wangu.

Kaporali anasema, kama ni yako leta karatasi yake. Karatasi ya mbwa! Karatasi ya ndoa yangu iliungua mwaka wa tisini na sita, na mama Elda bado iko.

Jumanne, 6/8/2002

Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Na leo nimekasirikia watu wasomi.

Mama Elda ndiye amekumbuka. Baba Elda, anasema, si mbwa yetu ilitiwa puce?

Ndiyo. Mwaka jana. Muzungu moja mwanamuke alipita huku ziwani na mradi wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Modeste wa mifugo ndiye alikuwa anamutafsiria. Akaniambia: muzee, chanjo ni bure, na puce pia ni bure. Halafu wakatoa sindano nene kama spoku ya baiskeli.

Sasa mimi shule nimesoma miaka mine tu, lakini puce naijua. Furera, mwalimu wetu wa misheni, aliiandika ubaoni: puce, kiroboto. Nilichapwa kwa hiyo neno, matako bado yanaikumbuka. Nikauliza: yaani munatoka Ulaya na ndege kuja kutia mbwa yangu kiroboto? Anavyo mia mbili! Vya hapa hapa! Nikakamata ufagio. Lakini sindano ilikuwa imeshaingia. Wakakimbia, Muzungu mbele, Modeste nyuma na makaratasi. Wiki nzima nikamuosha Watasema na maji ya tumbaku na petroli ili kile kiroboto cha Muzungu kitoke. Alinuka kama taa.

Leo nimemufuata Modeste. Kumbe si kiroboto! Wafaransa wanaita hicho kitu pia puce. Ni kitu kidogo kama punje ya muchele, kinakaa chini ya ngozi ya shingo, ndani iko namba. Mbwa akipotea, unapitisha mashine juu yake, mashine inasoma namba, namba unaitafuta kwa daftari, daftari inasema mwenyewe ni nani. Kwao mbwa wanarudi nyumbani hivyo, kila siku.

Nikauliza mashine iko wapi. Bujumbura. Na daftari? Bujumbura. Na mbwa? Mbwa iko bariyeri, Modeste! Anakula mifupa ya kaporali! Na kwa nini hukunieleza na Kiswahili kama mutu? Anajibu: lakini nilisema puce, muzee.

Nilisema puce! Huyu alienda shule miaka kumi na sita.

Ameona haya. Anapanda konvoi ya magari siku ya Ijumaa, anarudi na mashine, na fishi yangu pia, ile karatasi yenye namba na jina.

Nikamweleza mama Elda habari ya namba. Alisikiliza yote, mukono shavuni. Mwisho akauliza swali moja tu: na watu, hawawatii namba? Dada yake Chanceline tulimupoteza katikati ya watu wanaokimbia, kule kule Magara, mwaka wa tisini na sita. Nimeenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Alhamisi, 8/8/2002

Mudomo wangu! Mungu aliniumbia mudomo siku aliyokuwa amechoka.

Sikuweza kungojea Modeste. Nimeenda bariyeri na kifua mbele. Kaporali, nasema, ushahidi iko: mbwa yangu iko na puce! Wakaanguka kwa kicheko. Muzee, mbwa gani haina puce? Hata mimi niko nazo kwa kitanda, zote ni zako? Chagua zako uondoke nazo!

Hapo hasira ikanipanda. Nikasema wajinga nyinyi, hii si puce ya kuruka! Iko na namba ndani! Iko na mashine inayoongea nayo!

Kicheko kikakatika.

Kaporali akaja karibu. Mashine inayoongea nayo, amesema, polepole. Iko wapi hiyo mashine? Nani anaishika? Halafu akageukia wenzake: tangu huyu mbwa afike, tumepigwa mara ngapi? Mbili, wakajibu. Mara mbili, na waasi walijua kabisa tumelala upande gani.

Yampayinka, Mungu wangu! Mmoja alishachomoa kisu cha bunduki, ameshika shingo ya Watasema, anapapasa. Mbwa mjinga anafikiri anabembelezwa, anamulamba!

Nikapiga kelele: ni kiroboto! Nimedanganya! Mimi muzee, akili imechoka, ni kiroboto tu! Nikaanza kujikuna, makwapa, tumbo, popote. Nimecheza wazimu mbele ya watoto wenye umri wa wajukuu. Kaporali akanitazama sana. Akasukuma nyuma kisu ya mwenzake na mukono. Akasema Jumatatu liyetena, mukubwa wao, anakuja, yeye atakata shauri — shauri ama shingo, hakusema.

Nimerudi nyumbani bila mbwa. Nachukia askari, nachukia Muzungu, nachukia punje ya muchele. Mimi mwenyewe najichukia kuliko wote.

Jumamosi, 10/8/2002

Hadji amekuja. Kwa mulango wangu! Anashonea askari suruali, na askari akivuliwa suruali anaongea. Amesimama nje, kanzu ameishika juu kama mbwa bado iko.

Anasema kama liyetena akikuta kitu shingoni, mbwa atapigwa risasi, na mwenyewe ataitwa "kueleza". Kama hakuna kitu, muzee anaweza kupewa mbwa yake, maana anakula sana. Hivyo Hadji ananishauri: funga mudomo, iwe kiroboto mpaka kiyama.

Mama Elda akashika kichwa, akauliza: Na Modeste? Si yuko Bujumbura anatafuta mashine?

Mwaka jana walinipa kiroboto nikakataa. Sasa nakililia kiroboto, na wao wananiletea mashine.

Hadji akiondoka alisema mbwa ni najisi, hilo halibadiliki. Lakini wewe bila mbwa, muzee, utakuja kunisumbua mimi.

Jumatatu, 12/8/2002

Modeste alifika jana na konvoi. Nimemuomba aizike mashine kwa shamba la michikichi. Amekataa! Muoga yule, siku zote anaogopa hata bata, leo amepata roho. Anasema ukificha ndipo watafikiri ni radio ya waasi. Liyetena ni mutu amesoma, ataelewa.

Na kweli ameelewa. Mutu mwembamba, miwani, sauti ya padri. Modeste amemueleza na Kifaransa kirefu. Mashine ilipitishwa juu ya shingo. Ikalia pii! Askari wote wakaruka nyuma, Espoir wa kwanza. Namba ikatokea. Liyetena akasema kitu hiki hakina betri, hakiongei mpaka kiulizwe. Ni kama askari mzuri. Nikacheka zaidi ya mutu yeyote.

Halafu akaomba fishi. Namba kwa mashine, namba kwa karatasi: ni moja. Vizuri! Akashuka na kidole mpaka penye jina la mwenyewe. Akasoma. Akasoma tena.

Nani hapa anaitwa Balai?

Modeste akakauka. Mwaka jana, mbio mbio, penye jina aliandika na Kifaransa: "Refuse. Balai." Amekataa. Ufagio.

Nikasema ni mimi, mon liyetena. Akasema kitambulisho chako kinasema Bahizire. Nikaeleza ufagio. Nikaeleza kiroboto. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwaka mzima namba imekaa kwa shingo ya mbwa yangu, inajua kila kitu, haijui mimi. Sababu nilimufukuza mutu mwenye kalamu!

Liyetena akapiga msitari juu ya Balai na rula. Na rula! Akanipa karatasi. Anasema andika jina lako, mutaa wako, weka sinyature, sahihi yako, uchukue mbwa. Karatasi itaenda pamoja na raporo yake kwa wakubwa: munyama mwenye kifaa, ameshikwa kwa pozisyo ya jeshi iliyoshambuliwa mara mbili, mwenyewe ni fulani, anakaa pahali fulani. Ni utaratibu tu, muzee. Kesho saa ine lori inaenda Makamba. Kama hakuna karatasi, Komando anaenda nayo.

Ni utaratibu tu! Miaka tisa ya vita, nimesikia majina yakisomwa kwa karatasi. Sijaona hata moja aliyeitwa ili apewe kitu.

Jumanne, 13/8/2002

Saa tatu na nusu. Karatasi iko mezani. Sijaandika.

Modeste amekuja, amesema raporo kama hizo zinalala kwa sanduku, hakuna anayezisoma. Nikamuuliza: hakuna, ama unasema puce? Hadji amepiga kelele kutoka kwake: andika Balai, muzee, wamutafute Balai! Nimecheka, halafu nimekumbuka liyetena ameshasoma kitambulisho changu.

Mama Elda amesema mara moja tu. Mbwa ni mbwa. Dada yangu sijamupata, wewe sitaki kukutafuta. Halafu amekuja na kukaa juu ya karatasi. Kabisa! Amekalia, na matako yote mawili, katikati ya meza ambayo tunakulia. Mwanamuke wa miaka sitini na sita.

Nimemuambia inuka. Hainuki.

Lori imewashwa. Nasikia mpaka hapa. Na yule mjinga anabweka — anabweka ile ya kwake ya kuomba chakula, si ya mbwa anayesafiri. Hajui.

Nimemuambia tena, polepole: mama Elda.

Amenitazama. Amefuta jicho na kitambaa. Ameinua tako moja, karatasi imetokea nusu.