Projekta Ilizimika, Nami Nikakaa Tu

Alhamisi, Bura. Vumbi tangu alfajiri, nami nina furaha mbaya.

Shajara, leo nimelipiza.

Muhula uliopita niliwaonyesha darasa la sita moyo wa mtu ukidunda ukutani, kwa projekta. Naibu mwalimu mkuu akanisimamisha mbele ya wazazi, akasema mwalimu anayetegemea picha ni mvivu. "Mtoto wa mfugaji chaki inamtosha," akawaambia, nao wakaitikia. Nikanyang'anywa darasa lile, projekta ikafungiwa kabatini kwake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwombea aibu, Mungu anisamehe.

Leo wamekuja wageni wa ofisi ya elimu kuona tunavyofundisha kwa teknolojia. Na nani alisimama mbele ya darasa la sita, koti limepigwa pasi, akiisifu projekta? Yeye yuleyule!

Mimi nilikaa nyuma na walimu wenzangu. Nilijua asichokijua: vumbi la hapa huziba matundu ya ile mashine, na ikipata joto hujizima. Nilipokuwa nayo niliisafisha kwa brashi kila asubuhi. Yeye hakuwahi kuuliza.

Moyo ulidunda kidogo ukutani, watoto wakashangilia, kisha ukuta ukabaki mtupu. Akabonyeza, akaitikisa, akaipiga kofi. Mwishowe akanigeukia, jasho linamtiririka.

"Abaayo Halima, dada yangu, hii kitu imekataa kabisa. Wewe ndio unajua yeye. Njoo saidia, wallahi nimeshindwa."

Brashi ilikuwa mkobani mwangu.

"Mwalimu," nikamjibu kwa adabu zote, "si ulisema mtoto wa mfugaji chaki inamtosha?"

Wageni wakacheka. Hakuwa na pa kuuficha uso. Mwosha huoshwa, na leo kaoshwa hadi nyuma ya masikio. Ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Kisha wageni wakaacha kucheka. Wakaichomoa projekta, wakaipakia garini. Wanaipeleka shule ambayo walimu wake wanaitaka, walisema.

Jioni Deqa wa darasa la sita alinifuata hadi langoni. Asubuhi zile nikisafisha mashine, yeye ndiye aliyekuwa akinishikia kifuniko. Nilidhani ataniuliza projekta itarudi lini.

Aliniuliza kwa nini sikuinuka.

Nilimwambia awahi nyumbani kabla ya giza. Na hata kesho wakiirudisha, na naibu akiniita tena mbele ya watu, sijui kama nitainuka.