Moyo wa Mama kwenye Picha ya Bagula

Jumatano, 24 Februari 2016

Bagula amefariki. Kaka yangu wa pekee. Kambini Nakivale, Uganda, asubuhi, tumbo tu — siku mbili. Simu ilinikuta huku Amerika, kazini warehouse, katikati ya maboksi. Nikakaa chini. Supervisor akauliza kama nimeumia. Nikasema ndiyo.

Mama hajui. Yuko Lackawanna, safari ya siku nzima kwa gari, kwa mdogo wangu wa kike, Aksanti. Kwetu mzazi haambiwi msiba kwa simu. Anaendewa. Watu wanakaa naye, anakula kwanza, halafu mkubwa wa ukoo anasema. Baba alipokufa, mpumbavu mmoja alimtangazia mama barabarani, Bukavu. Alianguka palepale. Presha haijamwacha mpaka leo.

Donc tutamwendea. Mjomba Jean-Baptiste, kaka yake mama, yuko Columbus. Yeye ndiye wa kusema. Hapati off kabla ya Jumamosi. Nitampitia njiani. Aksanti atafunga mdomo hadi hapo. Maskini, wanalala chumba kimoja.

Alhamisi, 25 Februari

Gloire! Binamu yangu wa hapa Highview, akili zake anazijua mwenyewe. Ameiweka picha ya Bagula Facebook — ile ya suti — na RIP chini yake. Nampigia, hashiki. Yuko kiwandani, simu iko kwenye locker.

Watu wanamiminika: Nairobi, Texas, Australia. Mikono ya kuomba tele. Na hizi sura mpya zilizokuja jana! Zamani ilikuwa kidole gumba tu, hata kwa msiba. Sasa kuna uso unaolia, kuna moyo. Watu wanazijaribu juu ya kaka yangu. Nimekasirika hadi nimelia.

Mama hajui kusoma, lakini picha za Facebook hazimpiti. Nikamuuliza binti yangu Sandrine kama hii itamfikia bibi yake. Akanijibu kwa Kiingereza: siku hizi Facebook haifuati saa, kinachoguswa na wengi ndicho kinaletwa mbele. Aksanti amechomoa Wi-Fi, amemwambia mama imeharibika.

Nataka kuichukia hii Facebook, nashindwa. 2011 ndiyo iliyotuonyesha kwamba Bagula yu hai. Tulikuwa tumeshamlilia! Mama alibusu kioo cha kompyuta, kwenye cyber ya watu, Bujumbura.

Ijumaa, 26 Februari

Gloire amefuta, ameomba msamaha. Amechelewa.

Kabla haijafutwa niliona, katikati ya nyuso zinazolia, moyo mmoja mwekundu. Jina la mama. Nilidhani nimeona vibaya.

Aksanti amepiga, ananong'ona. Jana mama alienda na simu yake kwa jirani, yule mama wa Kiyemeni. Hawana lugha moja, wanakunywa chai tu. Huko Wi-Fi iko. Amerudi anaimba. Anasema faili ya Bagula imepita, anakuja Amerika.

Suti, mikono ya kuomba, watu wa kila nchi — kweli, ndivyo tunavyofanya mtu akipata safari. Miaka yote hii anaingoja picha hiyo. Nani wa kumlaumu?

Nimemwambia mjomba. Akasema tumwache alale na furaha yake usiku mmoja. Sijui ni huruma au woga. Na mimi nimekubali haraka mno.

Jumamosi, 27 Februari

Nimempitia mjomba Columbus. Theluji kuanzia Cleveland.

Mama mlangoni, kitenge kipya. Akamkumbatia kaka yake. “Mi nilijua. Kama haingekuwa kweli, haungetoka Columbus na hii baridi.”

Amepika yeye mwenyewe: fufu, sombe, samaki. Kina mama wa kanisa wako hapa. Aksanti aliwaita wamshike mama akianguka. Mama anadhani wamekuja kushangilia. Anawapakulia. Mmoja amekimbilia bafuni.

“Jean-Baptiste, ndege itashuka siku gani?”

“Bon, dada, ikala kwanza. Kula.”

Amekaa. Amekula kidogo, akanawa huku anacheka. Sasa ndiyo saa yenyewe — ameshakula, watu wapo, mkubwa yupo. Lakini mama amemtangulia: amemwomba mjomba atoe sala ya shukrani kwa ajili ya Bagula.

Mjomba amesimama. Wote wameinamisha vichwa. Mimi niko jikoni, eti natafuta vikombe, naandika hapa juu ya friza. Mjomba hajatoa neno hata moja. Mama peke yake anaitikia: Amina. Amina.