Sombe ya Jumapili

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Amani iwe nyumbani mwako, juu yako na juu ya wote wanaokula sahani moja nawe. Magoti yanaendeleaje? Ile pomadi ya kuchua ambayo Louise alikutafutia soko la Kadutu imekusaidia, au ulimgawia jirani kama kawaida yako? Nisalimie dada yangu huyo, umwambie asichoke kukuvumilia. Na sambaza je, wale samaki wetu wadogo wa ziwani, bado zinapita mlangoni asubuhi, au hali ya mji imewatawanya wauzaji? Mimi ni mzima. Neno hilo nimeliweka mapema ili usome mengine bila kushika kifua.

Najua hutaki simu zangu. Nikipiga, Louise anapokea na kusema umelala, nami nasikia kikohozi chako nyuma yake. Sikulaumu. Mama Fidès, kiongozi wetu wa maombi, alikupigia kutoka huku, akakuambia kwamba binti yako alikula kwa siri katikati ya mfungo, mfungo ambao wewe mwenyewe, na umri wako huo, uliufunga Bukavu kwa ajili yangu. Ningekuwa wewe ningekasirika zaidi. Lakini sikula, Mama. Mwezi ujao watanirudisha kwenye chumba cha upasuaji, na sitaki kulala juu ya meza ile kabla hujaujua ukweli. Ukweli wenyewe si mzuri kuliko ulichoambiwa. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumpa Ambroise, yule muuza vitenge wa blok yetu, anayepitia Tanzania hadi Uvira na kupanda Bukavu. Ameniapia kwamba atakukabidhi wewe, si mtu mwingine.

Nianze pale unapopajua. Madaktari wa Lilongwe walipokubali kuniondoa uvimbe wa kizazi, nilifurahi kuliko siku ya harusi. Mume wangu Hubert ananiita nimfuate Canada, faili letu limeanza kusogea, nami nilitaka nimfikie nikiwa na kizazi kinachoweza kubeba mtoto. Kanisa letu nalo unalijua: hakuna mtu wetu anayekwenda kwenye usaili wala kwenye kisu bila kufungiwa mfungo. Wamama wa maombi waliamua tufunge kavu, bila chakula wala maji, tangu Jumapili jioni hadi Jumanne asubuhi ya upasuaji. Mama Fidès alicheka akasema hospitali inataka mgonjwa asile usiku mmoja tu, sisi tutawapelekea tumbo lililofagiliwa.

Jumapili hiyo baada ya ibada nilipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikaitia mafuta ya mawese na karanga, tukala wote kwangu. Mimi nilikula kidogo. Kisha tukafunga. Nakuambia, Mama, wenzangu waliteseka. Jumatatu mchana rafiki yangu Odette alilala kwenye mkeka akiomba kwa macho yaliyofumba, midomo imemkauka. Mimi nilikaa wima naimba. Sikusikia njaa hata kidogo, na wote wakasifu nguvu niliyopewa. Jambo moja tu lilinishangaza: jioni ile nilicheua, na mdomoni ikaja ladha ya sombe ya jana. Mama Fidès aligeuka akaniangalia. Nikamwambia shetani ananikumbusha chungu, tukacheka, tukaendelea na zaburi.

Jumanne tulipanda kabaza, baiskeli za abiria, hadi barabarani na kupata gari la Lilongwe alfajiri. Unajua Chichewa changu ni cha sokoni tu, nyanya na uzi, kwa hiyo Mama Fidès ndiye aliyenitafsiria. Muuguzi aliuliza kama nimekula. Mama Fidès alijibu kwa fahari kwamba tangu juzi hatujaonja hata maji, na muuguzi akashangaa. Akauliza kama kuna dawa yoyote ninayotumia. Mama Fidès alinigeuzia swali hilo kwa Kiswahili, akanitazama usoni, akingoja. Nikasema hakuna.

Mengine nimeyasikia kwa watu, maana nilikuwa nimekwisha kulazwa usingizi. Walipotaka kuniwekea mpira wa kupumulia, chakula kilipanda kutoka tumboni na kufurika kooni, na kingine kikaingia kwenye mapafu. Waliniinamisha, wakakinyonya kwa mashine, wakaacha upasuaji wote wakapigania pumzi yangu. Nilipofumbua macho nilikuwa na mpira puani na moto kifuani, na uvimbe ulikuwa mahali pake. Nililala pale siku nyingi nikitibiwa mapafu. Wewe kwanza uliambiwa mashine iliharibika, na ni mimi niliyemtuma Odette aseme hivyo.

Kilichotoka tumboni kilikuwa sombe, Mama. Majani yake na vipande vya bugali. Daktari alimuuliza Mama Fidès, bila ukali, kwa nini tulisema mgonjwa hajala. Mama Fidès alikuja kitandani kwangu akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananiuma.

“Rosette, mi nilifunga na we. Mama yako kule anafunga na magonjwa yake. Na we ulikula.”

Nikatikisa kichwa kukataa. Akaondoka bila kuniombea. Hiyo ndiyo siku aliyokupigia.

Sasa nitakuambia, na nakuomba usimpe Louise asome kwa sauti.

Hubert alipoondoka na wazazi wake, jina langu halikuwa kwenye dosiye yao, kwa kuwa ilifunguliwa kabla hajanioa. Unalijua hilo. Asubuhi ile nilimsindikiza nikiwa nimevaa libaya ya bluu, ile blauzi ya kitenge ulichonipa wewe siku ya dote, mahari ilipopokelewa. Tangu hapo ni simu tu. Miaka yote hiyo nimekaa kwenye cherehani, nala bugali, na mwili ukajijengea nyumba. Mbele ya kamera naweka uso tu. Mwaka jana, faili liliposogea, Hubert aliniambia kwa upole kwamba siku nitakayotoka uwanja wa ndege angetaka kuniona na libaya ileile ya bluu. Alisema kwa mapenzi, hakuwa na nia nyingine. Nilipokata simu niliijaribu. Haikupita hata mabegani.

Utacheka, kwa sababu kazi yangu ni kufungua mishono ya nguo za wanawake waliozizidi nguo zao. Kila wiki nafungua, naongeza kipande, naziba, mteja anaondoka amefurahi. Lakini ile ya kwangu sikutaka kuigusa na wembe. Nilitaka iwe kama alivyoiacha, na mimi niwe kama alivyoniacha. Nilimkumbuka mume wangu mpaka nikadhani njia ya kumfikia ni kurudi nyuma.

Charlène, aliyekuwa jirani yetu hapa kabla hajaolewa na Mmalawi wa Area 25 ya Lilongwe, ana saluni huko. Nilipoenda kutafuta bitana na vifungo nilimkuta amepungua, anapendeza. Akanionyesha sindano iliyofanana na kalamu ya bic, anaiweka kwenye friji pamoja na soda. Unajichoma tumboni mara moja kwa wiki, hamu ya kula inaondoka yenyewe. Ilitoka wapi, sikuuliza. Hakukuwa na karatasi ya maelezo wala daktari. Nikaanza, Mama. Kwanza kichefuchefu, halafu chakula kikawa kizito tumboni, kinakaa, halafu nikaacha kutamani kitu chochote. Lile furushi la sambaza ulilonitumia nilimpa Odette. Nililinusa nikaona ni samaki wakavu tu.

Nilipokonda, watu hapa walianza kunong'ona, maana kambini ukipungua wanakutafutia ugonjwa. Mama Fidès aliwanyamazisha. Alisimama kanisani akasema mwili wa Rosette unapungua kwa sababu Rosette anafunga na kuomba kwa ajili ya safari yake. Sikumkatiza. Wiki iliyofuata akanisimamisha nitoe ushuhuda, nikautoa. Kwa hiyo alipoketi mbele ya muuguzi akaniuliza kwa Kiswahili kama kuna dawa ninayotumia, ningemwambia nini? Tena nilijidanganya kwamba dawa ni ya mgonjwa, na mwili mnene si ugonjwa.

Baada ya Mama Fidès kuondoka pale hospitalini nililala nikifikiri. Ningeweza kuwaacha waamini kwamba niliiba chakula. Ni aibu ndogo, kanisa lingenisamehe kabla ya Pasaka. Lakini daktari alikuwa amesema watanipangia siku nyingine. Nikaona kwamba nikinyamaza nitarudi pale na mfungo mwingine, na sombe nyingine tumboni. Daktari alipopita, mwanamke wa rika la Louise, nilimshika mkono. Nikafunua tumbo, nikakunja vidole kama mtu aliyeshika bic, nikajichoma. Alinielewa papo hapo. Akamwita muuguzi aliyewahi kuishi Tanzania, nikasema yote.

Hakunigombeza. Alieleza kwamba dawa ya namna hiyo hulichelewesha tumbo kumwaga chakula. Mtu anaweza kufunga kwa uaminifu na chakula kikawa bado kimekaa, na akilazwa usingizi kinapanda. Si wote hupatwa, na wapo wagonjwa ambao madaktari wenyewe huwaandikia, lakini anayelaza usingizi lazima ajue mapema, aamue dawa isimamishwe lini, mgonjwa ale laini au anywe tu, na aliangalie tumbo kwa mashine kabla ya kuanza. Halafu akasema pole kwa kudhani nilimdanganya kuhusu kula. Hapo nililia, Mama, kwa sababu alikuwa wa kwanza kuniamini kwamba sikula.

Niliporudi Dzaleka nilikwenda kwa Mama Fidès kabla ya kufika kwangu. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni.

“Njo maana njaa haikukuuma,” akasema. “Na sisi tulikuwa tunasema ni nguvu ya Roho.”

Hakunikumbatia. Ila aliingia ndani akatoka na uji, akakaa akinitazama mpaka nikaumaliza. Alitaka kukupigia saa hiyohiyo ajirudi, nikamwomba anipishe niseme mwenyewe. Leo kanisani nimesimama nikaufuta ule ushuhuda mbele ya wote. Kulikuwa na minong'ono, sikufichi. Wakati wa kutoka, dada mmoja wa kwaya alinifuata nyuma ya choo, akaniuliza taratibu ile sindano inakaa mwilini muda gani, maana naye ana siku yake ya kupasuliwa henia. Nimemwambia aende kwa daktari kesho, nami nitakwenda naye.

Hubert nimemwambia pia. Safari hii niliiegemeza simu kwenye cherehani, nikarudi nyuma, akaniona mwili mzima, na mashavu haya yaliyoingia ndani. Nikamweleza habari ya libaya. Akaficha uso kwa mkono.

“Mi niliacha bibi,” akasema. “Sikuacha kipimo ya nguo.”

Kisha akasimama naye, akajionyesha. Mama, mkwe wako ana tumbo la chifu. Ndiyo maana naye miaka yote alikuwa ananionyesha uso.

Jana nimeifungua libaya. Nilikaa nayo magotini kabla ya kuitia wembe, kwa sababu mshono wa ubavuni ni wako, ule uliourekebisha kwa mkono siku ya dote, na nyuzi zako bado ni nyeupe. Nyuzi hizo nimeziweka kwenye bahasha ya vifungo. Nimeongeza vipande viwili ubavuni. Mwili ukirudi utapata nafasi.

Sindano nimeiacha, na daktari amesema kabla ya kisu tusubiri kwanza mapafu yapone. Siku ya upasuaji Mama Fidès atanisindikiza tena, na amesema muuguzi akiuliza kuhusu dawa atageuka aangalie ukuta mpaka nijibu. Wamama wamekubaliana kuniombea wakiwa wameshiba. Nawe nakuomba hivyohivyo. Usinifungie, Mama. Mtume Louise sokoni, akupikie sombe na sambaza, kaa dirishani kwako ule taratibu, na kila tonge unitaje.

Wasalimie wote wa nyumbani, Mchungaji, na mama wa jirani mwenye pomadi yako. Odette anakusalimu, amesema sambaza zilikuwa tamu. Mungu akulinde mpaka tuonane, hapa au huko au popote atakapotupatia mlango.

Asubuhi ya leo, kabla ya kanisa, jirani alikuwa anatwanga sombe. Harufu ilipita chini ya mlango nikiwa bado kitandani, na mate yakanijaa mdomoni. Miezi yote ile haikunitokea. Nikaitaka ya kwako, ile unayoizidishia pilipili na kusema ni mkono uliteleza. Nikakaa kitandani nikalia kwa kuitaka. Ambroise akishakukabidhi barua hii atanitumia ujumbe, nami nitapiga papo hapo. Nina njaa, Mama. Pokea simu.

Mtoto wako,
Rosette