Prosesa Uliyoifuata Kibondo

Mwakeye, Bukuru.

Najua ni saa nane mchana na hiyo ni salamu ya asubuhi, lakini wewe ulikuwa unaitoa hata jioni na mtaa mzima ulishakuzoea. Ni mimi, Butoyi. Pacha wako, nani mwingine angekuandikia? Nimefungua daftari lako la bajeti, ukurasa wa nyuma kabisa. Usinicheke mwandiko.

Kompyuta yako iko mezani mbele yangu. Nitakwambia imefikia wapi, lakini kwanza kuna jambo sijamwambia mtu yeyote tangu tukuzike, na hata kwako naogopa kulisema.

Ni mimi niliyekutuma Kibondo.

Mama anajua ulikwenda kununua kifaa. Hajui kwamba prosesa ilikuwepo hapa hapa Kasulu, dukani kwa Bwana Sudi, ya kiini kimoja, elfu kumi na tano tu. Wewe ulikuwa tayari kuichukua siku ileile. Mimi ndiye niliyekaza shingo. Unakumbuka tulivyokaa kibarazani na daftari hili? Mama alikuwa ametupa fedha ya maharage, ile aliyoiweka kwa ajili ya mabati ya chumba cha nyuma, laki tatu na nusu yote. Tukaandika vifaa vya kompyuta ya kazi yetu ya kupiga chapa: kesi, pawa saplai, ramu, diski, kibodi, kioo. Madabodi ulikuwa nayo tayari. Ulipofika kwenye prosesa ukaandika kiini kimoja, na mimi nikakunyang'anya kalamu. Nilikwambia mpiga chapa ni mimi, wewe unajua redio tu. Mteja wa picha za pasipoti akija wakati natoa barua ya mwingine, mashine itaganda, na wote wawili wataondoka.

Ukanitazama sana. Halafu ukafuta kioo chembamba, ukaandika kichogo, kile kioo kinene cha zamani, ukasema basi, tutabeba hilo zigo ili wewe upate viini vyako viwili kutoka Kibondo. Nikajaribu kukuvuta mpaka vinne. Hapo ukakataa katakata: vinne vinakula umeme, pawa saplai yetu ni ya mtumba, na jenereta la mji lenyewe linahema. Ulikuwa sahihi, nakiri leo.

Mama alipouliza viini viwili ni kitu gani, ulimwambia, "Ni mapacha kwenye chumba kimoja, Mama. Mmoja anapiga chapa, mwingine anatoa picha." Mama akasema basi watagombana. Nami nikakuuliza, kwa utani tu, kimoja kikifa, kingine kinaendelea? Ukajikuna kichwa kwa kalamu. "Nitamuuliza fundi."

Hukurudi na jibu. Pikipiki iliteleza kwenye matope ukiwa njiani kurudi, kabla hujafika Makere, ndivyo walivyotuambia. Sikutaka kusikia zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Watu wananiangalia sana, Bukuru. Si kwa ubaya, kwa huruma, na huruma yao ndiyo inayonitisha. Nikikohoa kisimani wanawake wananyamaza. Kila mtu anajua kinachosemwa juu ya pacha aliyebaki, kwamba mwenzake humwita, na hakuna anayekitamka mbele yangu. Mama ananigusa shavu asubuhi kabla sijafumbua macho, ananipima kama bado nina joto. Pikipiki amenikataza, hata ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa sijali maneno hayo, wewe unanijua. Sasa nayajali. Kichwa kikiuma kidogo tu nakaa chini na kusubiri.

Siku ya kuanua matanga, Shangazi Generoza na wenzake walifua nguo zako zote kabla ya kugawa, kama inavyotakiwa. Koti lako alilifua yeye mwenyewe, hakutaka msaada. Akahisi kitu kigumu kwenye mfuko wa ndani. Kilikuwa kimefungwa kwenye sponji na nailoni, na nailoni ilikuwa imepasuka, imeingia matope. Akaniletea mkononi huku analia. "Ka kitu ka Bukuru haka. Nimekasugua vizuri, kalikuwa kachafu." Alikuwa amekisugua kwa brashi ya viatu na sabuni ya mche.

Nilishukuru. Upande wa chini, ile miguu uliyonionyesha kwenye picha, myembamba kuliko sindano, zaidi ya mia tisa, ilikuwa imelala kona nzima kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Ulikuwa umenionya usiguse, usipulizie mate, ishike pembeni kwa vidole viwili. Nikaenda nikakaa chooni na mlango nikaufunga, nikalia huko.

Hapo ndipo hofu zangu zote zilipogeuka kitu kimoja. Fedha ya kununua nyingine hakuna, na chumba cha nyuma bado kinavuja. Lakini si fedha iliyokuwa inaninyima pumzi. Kama hiyo prosesa imekufa, basi ulikwenda Kibondo bure. Nilikupeleka barabarani kwa ajili ya kipande cha bati.

Nilianza kuinyoosha dirishani, mchana, kwenye mwanga, kwa wembe na sindano ya kushonea. Mguu mmoja mmoja. Nilikuwa nashusha pumzi kila nikimaliza mstari, nainuka, nakunywa maji, narudi. Siku ya tatu mmoja ulikatika. Haukutoa hata sauti. Ulibaki kwenye ncha ya sindano, ukaanguka sakafuni, na sikuuona tena.

Nikatafuta namba ya yule fundi wako wa Kibondo, Emanueli, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Nilikuwa namwogopa kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye wa mwisho kukaa na wewe. Alinipa pole ndefu, kwa upole. Kisha akasema miguu mingine haina kazi kubwa na mingine ndiyo roho yenyewe, na kwa simu hawezi kujua ni upi uliokatika. "Jaribu tu, dada." Nilipotaka kukata akaniambia alikuwa amekupunguzia bei uchukue ya kiini kimoja, asubuhi ile, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na alitaka uondoke mapema. Ulikataa. Ulisema, "Butoyi amesema viwili." Ukakaa saa nzima ukisubiri amtume mtu nyumbani kwake kuileta.

Saa nzima, Bukuru. Nimeibeba saa hiyo mpaka leo.

Wiki mbili nimekaa na kila kitu kimefungwa, nimepaka ile dawa nyeupe ya kupoza prosesa, feni nimeikaza, waya wa umeme umelala chini. Kila siku nilikuwa na sababu. Leo umeme mdogo, leo kuna mvua, leo Mama yupo. Ukweli ni kwamba ikiwa haijawashwa, haijafa. Leo Mama amekwenda shambani na Shangazi, nikaona nikingoja zaidi nitaugua. Nikachomeka. Nikafumba macho nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Kichogo kikabaki cheusi, cheusi, nikahesabu mpaka kumi na saba, nikaanza kuomba msamaha kwa sauti, sijui nilikuwa nakuomba wewe au namwomba Mama. Ndipo ikalia mlio mmoja mfupi na maandishi yakaja.

Sikufurahi. Nilipotulia nikafungua pale uliponifundisha kwa kompyuta ya shule, panapoonyesha prosesa inavyofanya kazi. Kuna vidirisha viwili, kila kimoja na mstari wake wa kijani. Yote miwili inapanda na kushuka. Nimekaa naitazama tangu saa sita. Sijapiga chapa hata herufi moja, naogopa kuisumbua.

Na sasa naogopa kuizima. Mji unakatiwa umeme saa kumi, unajua, na pawa saplai ya mtumba haipendi kushtukizwa. Lazima nizime mwenyewe kabla. Lakini wewe asubuhi ile ulisema "narudi jioni" kwa sauti ya kawaida kabisa, na tangu hapo siamini kitu chochote kinachosema kitarudi.

Shangazi sitamwambia habari ya miguu, hata siku moja. Nitamwambia alikasafisha vizuri. Mama nitamwambia yote leo akirudi, habari ya Bwana Sudi, ya kalamu niliyokunyang'anya na ya ile saa nzima, nikiwa nimesimama, kabla hajavua kanga ya shambani. Naogopa uso wake kuliko nilivyoogopa kioo cheusi. Lakini nitamwambia.

Swali langu la kimoja kikifa hujanijibu, na Emanueli sikumuuliza, niliogopa jibu lake. Kwa hiyo tukubaliane hivi. Kila asubuhi nitaiwasha na kuangalia vile vidirisha viwili kabla sijampokea mteja yeyote, na asubuhi nitakayoona kimoja tu kinacheza, sitakimbia. Nitaendelea kupiga chapa.

Ni saa kumi kasoro dakika kumi. Lala salama, Bukuru wangu. Nisamehe ile saa. Usiniite bado, tafadhali, nina kazi ya watu.

Naizima sasa, kwa mkono wangu.

Butoyi