Nyayo Zote Mbili Chini

Machi 9

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje siku hizi? Sisi huku wazima. Baba anakohoa kidogo, ila anasema ni vumbi la chaki, si ugonjwa.

Ningeweza kukupigia, lakini unanijua: kwenye simu nasema "haya, haya" halafu nakata. Shuleni nilifundishwa kwa lugha moja, nyumbani naongea nyingine, na katika zote mbili ninachojua vizuri zaidi ni kunyamaza. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama mdomoni.

Shangazi, nimepata kazi! Maabara ya maji imenikubali niwe mkusanya sampuli. Nitazunguka visimani alfajiri, nijaze chupa, nizirudishe kabla hazijapata joto. Sharti lao ni moja: niwe na pikipiki yangu kufikia mwezi wa tano, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Leseni ninayo. Akiba yangu ya kuku, na alichoongeza baba, vinatosha pikipiki iliyotumika tu.

Jumamosi nilikwenda kwa muuzaji na rafiki yangu Spika (tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki). Spika akanichagulia dubwana jekundu la pikipiki. Nilipopanda, ni ncha za vidole tu zilizogusa chini. Muuzaji akasema, "Imekukaa kama suti ya harusi!" Nikaona haya kumwambia sifiki. Nikatabasamu. Nikiwa bado natabasamu, likalala ubavu, na mimi nalo, juu ya ndoo za rangi. Hata kuwashwa lilikuwa bado! Spika alicheka hadi akakaa chini. Kioo cha pembeni kimevunjika, na muuzaji anasema aliyevunja ndiye mnunuzi. Nikamwambia nitarudi.

Nifanyeje, Shangazi? Wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu aliyewahi kuishi juu ya pikipiki.

Mtoto wa kaka yako


Machi 20

Bwana Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba. Magoti yapo, tunagombana tu kila nikiona ngazi. Hongera ya kazi! Mwambie baba yako anywe maji ya moto na aache ubishi.

Nimecheka hadi paka akatoka nje. Halafu nikaacha kucheka, maana ungekuwa barabarani nisingekuwa na barua ya kusoma.

Kioo kilipe, ni haki ya mwenyewe. Dubwana mwachie. Tangu lini aliyevunja kikombe akalazimishwa kununua duka?

Sasa nisikilize. Ukikaa juu yake, nyayo zote mbili zilale chini, visigino na vyote. Huo si utoto. Mimi nilichanja ng'ombe wa wilaya nzima kwa kipikipiki kilichochekwa na wanaume wazima, na haohao ndio walioniita niwavute matopeni. Tafuta nyepesi, yenye injini ndogo, ambayo vipuri vyake vimening'inia ukutani kwa fundi wa mtaani kwenu. Ile ya ajabu ajabu itakulaza njaa ikingoja kipande kimoja kije. Na pesa usizimalize zote kwenye chuma. Toa kwanza ya kofia ngumu, mpya, isiyowahi kuanguka na kichwa cha mtu. Toa ya bima na ya matairi. Kinachobaki ndicho bei yako.

Na hili usilisahau: kabla muuzaji hajaiwasha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, jua kuna mtu ameamka mapema kuibembeleza iwake. Mwambie aiache ipoe, ndipo aiwashe mbele yako.

Yangu niliiuza mwaka jana, magoti yalipogoma. Siku hizi hii njia yangu ya kokoto haipandi mtu. Hata barua zako konda wa basi huniachia dukani kule chini. Usije kwangu na pikipiki mpaka mkono uzoee. Tafadhali, mwanangu.

Shangazi yako


Aprili 21

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Magoti je? Baba kikohozi kimemwacha, ubishi bado.

Nimelipa kioo. Kisha nikaenda kwa muuzaji mwingine, nikiwa nimemwapisha Spika asitoe neno. Pikipiki ilikuwa nyeusi, inang'aa. Nikaweka kiganja: ya moto kama pasi!

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Naomba ipoe kwanza." Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Ikakwama kooni. Basi nikakaa juu ya tairi kuukuu, mkono karibu na injini, nikanyamaza.

"Vipi kijana, tuiwashe?"

Kimya.

"Ina nguvu hiyo, we! Kwani umeambiwa nini?"

Kimya.

"Haya, nakupunguzia."

Sikuwa nabishana bei, Shangazi. Nilikuwa natafuta sauti.

"Nimepunguza tena. Basi, asubuhi inasumbua kuwaka. Kidogo tu! Na mnyororo umechoka. Wewe ni askari?"

Spika alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Mwishowe muuzaji akainuka, akavuta turubai kule nyuma. "Hii ilikuwa ya mkunga. Nilikuwa namfichia shemeji yangu. Chukua, uniondokee na macho yako hayo."

Ndogo, ya bluu, baridi kama mtungi. Ikawaka mbele yangu bila kubembelezwa. Nikapanda: nyayo zote mbili chini! Fundi wetu kaikagua, kabadilisha breki tu, na kofia mpya ninayo. Spika anaiita Kibeba Mayai. Sawa, nitabeba mayai. Maabara wameniandika!

Nijibu haraka, nijue kama umefurahi.

Mtoto wa kaka yako


Julai 28

Shangazi,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, nitaiona mwenyewe.

Miezi yote hii nilidhani nimekuudhi. Kwenye simu ulimwambia baba u mzima, salio likaisha kabla hajasema yetu, na mimi nikaona haya kupiga kuuliza zaidi. Leo nimepita duka la kule chini. Barua yangu ya Aprili ingali pale, imelaliwa na katoni ya sabuni. Mwenye duka anasema hujashuka tangu mvua zianze. Kumbe hujui lolote! Nimeikunja pamoja na hii. Isome kwanza.

Visimani mkono umezoea, kama ulivyonisihi. Kokoto zako nimezipanda kwa gia ya kwanza, taratibu. Nipo nje ya mlango wako. Naisikia redio yako. Nilitaka kubisha hodi na kusema asante kwa sauti, lakini unanijua, kwa hiyo napitisha karatasi hii chini ya mlango.

Asante, Shangazi. Kila alfajiri ninapokanyaga chini kwa nyayo mbili, nakutaja.

Nimekuja na kofia mbili. Pikipiki yenyewe ni fupi, magoti hayatapata cha kugombania. Tukashuke dukani, au popote unapotaka.

Fungua. Safari hii injini ni ya moto kwa haki. Njoo uweke kiganja kabla haijapoa.

Mtoto wa kaka yako, hapa nje