Jumanne Nilimwona Akipima

Jumamosi, alasiri. Gongoni.

Jua kali, upepo hakuna. Nguo nilizofua asubuhi zimekauka zikawa ngumu, zina chumvi kama kawaida ya hapa kwetu. Makena na Mama wako jikoni wanakuna nazi, nawasikia wakicheka. Mimi nimejifungia chumbani na simu, naandika, kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Niseme ukweli. Nina wivu. Si ule wa kupita, ni ule wa kukutoa hamu ya kula.

Mimi na Makena tuko mwaka wa nne, uhandisi wa uzalishaji viwandani, chuo kimoja, darasa moja. Muhula huu tumeletwa kufanya mafunzo ya kazini katika kiwanda cha chumvi kilicho karibu na nyumbani kwetu. Mama amepakia chumvi pale tangu nikiwa darasa la pili. Nilipojua kwamba Makena naye kapangiwa hapa, na kwao ni Meru, nikamwambia asihangaike kutafuta chumba, aje tulale wote kwetu. Wazo lilikuwa langu. Hakuna aliyenishurutisha.

Darasani mimi ndiye wa kwanza. Makena yuko huko katikati, na wala hajali. Lakini babake ana karakana ya kuchomelea vyuma, na yeye alishika tupa kabla ya kushika kalamu. Siku aliyosimama mara ya kwanza kwenye mashine ya kukereza, chuma kilitoka kwa nyuzi ndefu zilizojikunja vizuri, mafundi wakaacha kazi zao wakaja kutazama. Ilipofika zamu yangu, kisu cha mashine kilipiga kelele mpaka fundi mmoja akaziba masikio. Bwana Tsuma, msimamizi wa karakana, hakunigombeza. Alinisogeza kando kwa upole, akamrudisha Makena. Afadhali angenigombeza.

Huyu Bwana Tsuma ni mtu wa Kaloleni, mwenye maneno machache. Wiki ya kwanza alituambia wazi kwamba mmoja wetu ataandikiwa barua ya kurudi pale kazini akishahitimu. Nafasi ni moja.

Nafasi hiyo nimeitaka tangu shule ya upili, enzi nikimpelekea Mama chakula cha mchana. Nilikuwa nasimama getini nawatazama mafundi wakiingia na spana zao mifukoni, najiambia iko siku na mimi nitaingia hivyo, na Mama anione. Sasa naingia, na Mama anamtazama Makena.

Maana hata Mama kachukuliwa. Kila asubuhi Makena anampigia shikamoo na magoti anakunja, utadhani kazaliwa Malindi. Juma la pili aliiona ile mbuzi yetu ya kukunia nazi, meno yamekuwa butu miaka na miaka. Akaichukua, akakaa nayo mlangoni na tupa, akayachonga meno yote upya. Mimi, mhandisi wa nyumba hii, sikuwahi hata kuiangalia. Mama akaitembeza kwa majirani. "Mwanangu Makena kaninolea."

Mwanangu.

Tangu siku hiyo kipande cha katikati cha samaki ni cha Makena. Mimi nala mkia, na nimenyamaza, lakini najua nani anakula nini.

Sasa nifike Jumanne. Nimekuwa nikiizunguka.

Pale kiwandani kuna desturi ambayo hakuna kitabu chochote cha chuo kinachoitaja. Mlangoni mwa karakana kuna mtungi wa maji matamu, na chuma chochote kilichotoka nje, kwenye chumvi, huoshwa kwanza, kikakauka, ndipo kipimwe. Chumvi ikikaukia kwenye chuma hufanya gamba jembamba, la rangi ya chuma chenyewe, na ukipima unapima gamba pamoja na chuma. Mimi nimekua nalijua hilo. Mama hata kisu cha jikoni hukiosha mara mbili. Siku ya kwanza Bwana Tsuma alinieleza sheria za pale nikiwa peke yangu, kwa kuwa Makena alichelewa kufika kwa siku moja. Akaniagiza, "Akija mwenzako, mweleze." Nilimweleza za viatu, za kofia, za saa za chai. Hiyo ya maji ilinitoka kichwani, nawaapia. Kwa wiki tatu haikuleta shida, kwa sababu Makena alikuwa ndani akikereza vyuma vipya.

Jumanne tukatumwa nje kupima shafti, kile chuma cha mviringo kinachozungusha mkanda unaobeba chumvi hadi kwa wapakiaji. Mkanda ulikuwa umesimama siku tatu, wapakiaji wanamalizia chumvi ya akiba; bushi, ile pete ya chuma inayovishwa shafti, imelika, wanataka mpya. Makena akashika vernia, kile kipimo cha kubana, mimi nikashika kalamu. Akaifuta shafti kwa kitambaa, akabana kipimo, akanisomea.

Nililiona gamba. Niliona pale ukingo wa vernia ulipolikwaruza, likaacha alama nyeupe. Mdomo ukafunguka kabisa nimwambie, "Ngoja, hatujaosha." Halafu nikaikumbuka mbuzi ya nazi.

Nikaandika ile namba.

Jioni nikafanya jingine la ajabu zaidi. Kila mwanafunzi ana kitabu cha kumbukumbu anachojaza kila siku, msimamizi anatia sahihi, mwalimu wa chuo anakuja kukagua. Kurasa zina namba, huwezi kuchana hata moja. Kwenye ukurasa wa Jumanne niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri: "Makena alipima shafti. Shafti haikuoshwa." Nilitaka mambo yakiharibika ionekane kwamba mimi nilikuwa najua. Sikufikiria swali litakalofuata. Mtu wa kwanza darasani, jamani.

Makena akaikereza bushi, inang'aa, kila fundi akaisifu. Jumatano jioni mafundi wa zamu wakaiosha shafti kama desturi, wakavisha bushi, ikalegea. Walikuwa na haraka, wakasema itakubali. Haikukubali. Alhamisi asubuhi shafti ikaanza kuyumba, mkanda ukaenda upande, ukajikata kwenye chuma cha pembeni, na kazi yote ikasimama.

Nilikuwa nimeingoja hiyo saa tangu Jumanne. Nilitaka kuuona uso wa Makena. Badala yake nikawaona wapakiaji wakitoka kwenye banda lao mmoja mmoja, wameambiwa waende nyumbani mpaka mkanda ushonwe. Mama alikuwa wa nne au wa tano. Amejifunga leso yake ya kazini, kashika chupa ya maji ambayo hajaifungua. Alinipungia mkono.

Sijui nilifikiri ile chumvi ikitoka kwenye mkanda inakwenda kwa nani.

Tulipofika nyumbani Mama hakulalamika. Alichouliza ni kama Makena yuko sawa, maana kasikia kosa ni lake. "Maskini mtoto wa watu, yuko mbali na mamake," akasema, na kipande cha katikati kikaenda kulekule. Sikuwa na uso wa kukitazama. Makena aliponiomba kitabu changu cha kumbukumbu anakili tarehe, kama anavyofanya kila wiki, nilimpa bila hata kufikiri kilichoandikwa ndani.

Jana Bwana Tsuma alituita sote wawili. Makena hakungoja kuulizwa. Akasema alipima bila kuosha. Bwana Tsuma akanigeukia. "Kadzo, si nilikuagiza umweleze?"

Makena akajibu kabla yangu. "Alinieleza. Nilisahau mimi."

"Na wakati wa kupima, ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Bwana Tsuma akatutazama kwa zamu, akasema haya, rudini kazini. Nami nikarudi kazini nikiwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani Makena kachanganyikiwa kwa hofu, kasahau nilikuwepo, na barua sasa ni yangu.

Leo baada ya kufua nikafungua kitabu changu nijaze ya Ijumaa. Kikafunguka chenyewe penye ukurasa wa Jumanne. Ndani yake kulikuwa na rula ndogo ya chuma ya Makena, ameisahau, imelala chini ya ule mstari wangu.

Alisoma Alhamisi. Ijumaa akasimama mbele ya Bwana Tsuma akijua kila kitu, akasema alikuwa peke yake.

Nikakitafuta kitabu chake, kilikuwa chini ya mto. Jumanne yake ina mstari mmoja: "Nilipima shafti kabla ya kuiosha. Kosa langu." Jina langu halimo.

Nikakaa kitandani na vitabu viwili mapajani. Ningependa kuandika kwamba niliona haya. Haya ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni wivu uleule, safari hii mkali zaidi, kwamba hata hili kanishinda. Mikono kanishinda, kwa Mama kanishinda, na roho pia? Kwani mimi nimebakiwa na nini, alama za mtihani?

Nimelia kidogo. Halafu nimechukua kalamu, si penseli, nikaandika chini ya ule mstari: "Niliona na nikanyamaza. Nilikuwa nimeagizwa nimweleze, sikumweleza." Jumatatu Bwana Tsuma anatia sahihi vitabu. Atasoma, kwa sababu yeye husoma kila neno. Barua huenda isiandikwe kwa jina langu. Nimelifikiria hilo tangu saa sita, linauma vilevile.

Wivu nao bado upo, sidanganyi. Hivi sasa nawasikia wanacheka tena na ninatamani kujua wanacheka nini.

Mama ananiita nikale. Makena naye ananiita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu asiyenidai kitu. Bwana Tsuma ni wa Jumatatu. Aliyeko hapa ni Mama, aliyerudishwa nyumbani Alhamisi na chupa yake ya maji, na mpaka sasa anampa pole mtu mwingine kwa kosa langu. Barua naitaka, lakini yeye ndiye ninayemwogopa.

Simu naiacha kitandani. Kitabu naenda nacho.